Nukta Thelathini na Moja

Kwa miaka kumi na minane nilikaa kwenye kiti cha kushoto cha meza ya takwimu ya mpira wa kikapu nikitunza saa ya mchezo, na miaka hiyo yote aliyekaa kiti cha kulia alikuwa mtu mmoja tu. Tulimwita Karani. Mchana alikuwa karani wa mizani kwenye bohari la nafaka, yule anayesoma uzito wa lori likiingia na likitoka, na siku za mechi alikuja uwanjani na shati lile lile, kalamu tatu mfukoni, mbili za wino na moja ya risasi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Pale uwanjani waliniita Mama Saa, na sikulalamika, maana kuna watu walipewa majina mabaya zaidi.

Asiyeijua kazi ya meza hudhani tunahesabu vikapu tu, halafu tunaandika nani kashinda. Laiti ingekuwa hivyo. Kila mchezaji ana mstari wake, na kila mstari una vyumba vyake: pointi, mitupo huru, pasi zilizozaa kikapu, mipira aliyopora, faulo, na ribaundi, yaani ile mipira iliyokosa kikapu, ikagonga chuma, naye akaidaka. Wachezaji ishirini na wanne, mkono mmoja. Mechi ikiisha, waliokuwa wanapiga kelele wanarudi nyumbani na kelele zao, na kinachobaki ni karatasi. Mwakani hakuna atakayekumbuka uliruka vipi. Watasoma.

Karani aliijua hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na ndiyo maana alikuwa na utaratibu wake. Hakuandika kitu kwa wino mpaka mimi nimeitikia. Anataja namba na jambo, kwa sauti ya chini, kalamu iko hewani: "Tisa, pasi." Mimi nasema, "Nimeona." Ndipo kalamu inagusa karatasi. Kama sikuona, nanyamaza, naye anaweka alama ya risasi na kumwuliza refa mchezo ukisimama. Kunyamaza hakukuwa kosa. Meza za viwanja vingine walitucheka, wakatuuliza kama tunafundishana kusoma. Karani aliwaacha wacheke. Siku moja tu aliwajibu, akasema kwenye mizani dereva husimama pembeni akaangalia sindano ya mizani kwa macho yake, kwa sababu mtu mmoja peke yake hajui lini amejidanganya.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka tisa. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwangalia, kwa hiyo Karani akawa anakuja naye uwanjani. Mtoto alikaa nyuma yetu juu ya kreti la soda, daftari mapajani, akijitia anafanya kazi ya shule. Kazi gani! Macho yake yote yalikuwa kwenye kalamu ya baba yake. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa akiitikia kabla yangu.

"Nne, ribaundi," Karani anasema.

"Nimeona!" inatoka sauti nyembamba kutoka kwenye kreti.

"We mtoto," nikamwambia, "unataka kiti changu?"

"Nikikua nitakaa hapo, Mama Saa. Wewe utakuwa umechoka."

Miguu yake ikaamua vingine. Alirefuka mpaka nikachoka kumteremshia mapindo ya sketi, na mashabiki wakampa jina la Mlingoti. Akiwa na miaka ishirini alisajiliwa na timu ya Nyuzi kwenye ligi ya kulipwa, jezi namba kumi na mbili. Siku ya mechi yake ya kwanza nilimwona Karani akiitazama ile namba kwenye karatasi kabla mchezo haujaanza. Alipitisha kidole juu yake taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

Furaha ile ilidumu robo moja tu. Robo ya pili Mlingoti alidaka mpira, Karani akaandika, na jukwaa la mashabiki wa Reli, timu pinzani, likaanza: "Baba anaandika! Mtoto anapata! Baba anaandika! Mtoto anapata!" Watu walicheka, hata wa Nyuzi walicheka. Ulikuwa utani wa uwanjani, wa kusahaulika kabla ya kufika getini. Lakini niliyekaa karibu naye niliona masikio yake yakibadilika rangi. Kesho yake alikwenda kwa katibu wa ligi kuomba atolewe kwenye mechi za Nyuzi. Katibu akamwambia hana mtu mwingine anayeweza kuijaza karatasi ile bila kuivuruga, arudi kazini na aache kusikiliza walevi.

Akarudi. Hakuniambia kitu, wala mimi sikuuliza. Ila msimu uliposonga nilianza kuona. Mpira ukidakwa na Mlingoti peke yake, kila mtu ameona, Karani aliuandika kama kawaida. Lakini ukiwa na mikono miwili juu yake, au umemgusa mwenzake kidogo kabla haujatua kwake, basi ulikuwa wa mwenzake. Kwa mchezaji mwingine yeyote angepima: nani aliushika kwanza, nani aliumiliki. Kwa binti yake hakupima. Alitaja namba nyingine, kalamu ikasubiri, nami nikaitikia. Nilijiambia ni mambo ya baba na mtoto, hayanihusu. Mimi saa yangu ilikuwa inakwenda sawasawa.

Ungekuwa msimu kama misimu mingine ningekuwa nimeyasahau hayo. Lakini mwaka ule ikaja barua kutoka klabu moja ya ng'ambo. Walikuwa wanatafuta mchezaji wa kati, na hawakuwa na muda wa kuja kutazama. Waliandika waziwazi: watamwita kwa majaribio yule atakayemaliza msimu na wastani usiopungua kumi kwenye pointi na kumi kwenye ribaundi. Katika ligi yetu mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Mlingoti. Pointi hazikuwa na shida, alizipita mbali. Ribaundi ndizo zilizotuweka roho juu. Mechi ishirini na moja zilikuwa zimechezwa, na kwenye karatasi alikuwa na mia mbili na sita. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Reli. Alihitaji kumi na nne.

Uwanja mzima ulijua. Mtoto wa miaka mitano aliyebebwa mabegani alijua.

Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Alifunga pointi kumi na nane na kuzuia mitupo minne, lakini hayo yalikuwa ya njiani tu. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa juu ya chuma. Robo ya tatu ikaisha ana kumi. Robo ya nne akaongeza mmoja, wa pili, wa tatu. Zikabaki sekunde arobaini, Nyuzi wako mbele kwa pointi tatu. Reli wakarusha, mpira ukagonga chuma ukatoka juu, na Mlingoti akaufuata huko huko juu akauchukua kwa mikono yote miwili, hakuna mwenzake, hakuna adui. Alipokuwa anatua ndipo alipofika mwenzake wa namba saba, binti mpana tuliyemwita Kabati, akaushika naye kwa hofu ya kuporwa, wakawa wameukumbatia wote wawili, kisha Kabati akaondoka nao mbio.

Karani alivuta pumzi. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akivuta pumzi kabla ya kutaja.

"Saba," akasema. "Ribaundi."

Kalamu ikasubiri hewani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza. Sikuhitaji kubishana. Kunyamaza tu kungetosha. Angeweka alama ya risasi, angemwuliza refa, na refa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Lakini saa ilikuwa inakwenda, kidole changu kiko kwenye kitufe, makocha wanapiga kelele, na tabia ya miaka ikanisemea. Tena nilikuwa mwoga, acha niseme ukweli. Nilijua akishaniuliza kwa macho kwa nini nimenyamaza, nitalazimika kusema yale niliyokuwa nayaona msimu mzima.

"Nimeona," nikasema.

Mechi iliisha sitini na moja kwa hamsini na nane. Mlingoti hakukimbilia kwa wenzake. Alikuja mezani moja kwa moja, jasho linamdondoka kwenye kitambaa cha meza, akauliza, "Ngapi, Baba?"

Karani akamgeuzia karatasi.

"Kumi na tatu? Na ule wa mwisho je?"

"Wa Kabati."

Akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akanigeukia mimi. "Mama Saa?"

"Nimeshaitikia, mwanangu," nikamjibu, nikaanza kukunja waya wa saa ambao haukuhitaji kukunjwa.

Mia mbili na kumi na tisa, gawanya kwa ishirini na mbili. Tisa nukta tisa tano. Kocha wa Nyuzi alikuja akiomba, hesabu ikamilishwe tu iwe kumi, nani atajali. Karani akamwambia mia mbili na kumi na tisa haiwi mia mbili na ishirini kwa kubembelezwa, akatia saini, akanipa nami nikatia, refa akatia. Karatasi ikishasainiwa haiguswi. Ng'ambo walimchukua mtu wa nchi nyingine.

Mlingoti alicheza misimu miwili zaidi, goti likamwacha. Akapata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, kupokea na kupanga. Na baba yake? Alimsalimia. Alimpelekea matunda. Lakini neno "Baba" liliisha kinywani mwake. Alimwita Karani, kama sisi tulivyomwita. Ukiwa mgeni ungedhani wanafanya kazi ofisi moja. Mwenyewe aliitika, "Naam," bila kuinua uso, na mimi niliyekuwa namjua niliona lilivyokuwa linamkata.

Ilikwenda hivyo miaka minne. Kisha siku moja asubuhi Mlingoti aliingia kibandani kwangu akichechemea kwa haraka, uso umechanua kama wa yule mtoto wa kwenye kreti.

"Mama Saa, umesikia? Baba ana mtoto wa jicho! Macho yote mawili! Daktari anasema ni wa siku nyingi."

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini? Hujaelewa? Alikuwa haoni! Siku ile alikuwa haoni vizuri, na hakujua mwenyewe. Nami miaka yote nimemkunjia moyo, maskini baba yangu."

Alikaa kwenye kigoda changu akalia, akacheka, akalia tena. Nami nilikuwa na sindano tatu mdomoni. Niliziacha hapo hapo.

Wiki ile ile alimhamishia nyumbani kwake. Alimpeleka kufanyiwa upasuaji, akamtilia dawa ya matone kwa saa, akampa chumba chenye dirisha linaloangalia barabarani ili asome namba za malori kwa burudani. Nyumba ile ilikuwa na raha, nisiseme uongo. Nilikwenda kuwatembelea karibu kila Jumapili mchana. Ila kulikuwa na mzaha mmoja ambao Mlingoti aliupenda mno, na kila mgeni aliyeingia aliupata pamoja na chai. "Baba huyu angekuwa na macho," anasema huku amemshika bega, "mimi leo mngekuwa mnaniona kwenye televisheni." Wageni wanacheka. Karani anatua kikombe chake. Mimi naangalia kucha zangu.

Karani alipoanza kuumwa kweli, kifua hicho, aliniita siku ambayo binti alikuwa kazini. Alinionyesha boksi la viatu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na nakala za kaboni za karatasi zote ishirini na mbili za msimu ule, zimepangwa kwa tarehe. Sikuelewa mpaka aliponielekeza kwenye mstari wa namba kumi na mbili. Pembeni ya chumba cha ribaundi kulikuwa na nukta ndogo za penseli. Karatasi nyingine nukta mbili, nyingine tatu, nyingine hamna. Kila mpira aliompa mtu mwingine alikuwa ameuwekea nukta, usiku ule ule wa mechi, kwa macho yaliyokuwa mazima kabisa. Zilikuwa thelathini na moja.

"Ulikuwa unaziweka za nini?" nikamwuliza.

"Ili nisizipoteze." Alikohoa. "Wale watu walikuwa wanaimba, dada. Nilitaka siku mtu akija kukagua, asikute hata mmoja wa shaka. Nikasahau kwamba hawakuwa wakaguzi. Walikuwa mashabiki."

"Mwambie."

"Nimejaribu. Kila nikianza ananiwahi, ananipa pole ya macho. Analifurahia hilo jicho, unamwona. Amenirudishia jina langu kwa sababu yake." Akanisukumia boksi. "Nikienda, mpe wewe."

"Na kwa nini nibebe mimi mzigo wako?"

Akaniangalia kwa yale macho yaliyosafishwa. Hakuniambia kuwa nusu ya mzigo ni wangu. Hakuwa na haja.

Alifariki siku ya kumi na tisa baada ya hapo. Boksi lilikaa chini ya meza yangu ya cherehani miezi miwili, nikilipiga teke kwa bahati mbaya kila nikikanyaga pedali. Nilikwishaamua. Mtu amemzika baba yake kwa amani, mimi ni nani nimfukulie? Ningelichoma na vitambaa chakavu, yaishe.

Kisha Mlingoti akaja, alasiri moja, na karatasi mkononi. Ligi walitaka kuiita ile meza kwa jina la baba yake, siku ya ufunguzi wa msimu, na yeye ndiye atakayezungumza mbele ya uwanja mzima. Alitaka nimsikilize. Akasimama kati ya sare zilizoning'inia, akasoma. Ilikuwa hotuba nzuri, ina bohari ndani yake, ina kreti la soda. Kisha akafika mahali akatabasamu. "Hapa nitaweka ile ya macho, wacheke kidogo. Nitasema, baba yangu alikosea mara moja tu maishani, na hata hiyo ni kwa sababu alikuwa haoni."

Nilimwona akilini amesimama kwenye kipaza sauti, Kabati yuko jukwaani, refa yule yuko jukwaani, watu mia kadhaa waliouona ule mpira kwa macho yao, nao wanacheka kwa adabu.

"Usiiseme hiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

Niliinama nikalitoa boksi.

Alizisoma akiwa amesimama. Mwanzoni hakuona nukta, kama mimi. Alipoziona hakuniuliza maana yake. Amekulia nyuma ya kalamu ile. Akakaa. Akahesabu kwa ncha ya kidole, akarudia kuhesabu, akaomba chaki yangu ya kuchorea vitambaa akagawanya juu ya meza, juu ya kitambaa cha mtu. Mia mbili na hamsini kwa ishirini na mbili. Kumi na moja na ushee.

"Kwa hiyo alikuwa anaona," akasema.

"Alikuwa anaona."

"Zote."

"Zote, mwanangu."

Nilitamani anipigie kelele. Karatasi ya mwisho ilikuwa na nukta moja tu, na pembeni yake, kwa mwandiko ule wa mizani ulionyooka, neno moja: wake. Alilitazama hilo neno, akapitisha kidole juu yake.

"Afadhali angekuwa haoni," akasema. "Mama Saa, nilikuwa nimeshamsamehe jicho. Sasa nimsamehe nini?"

Nikamwambia tu lililokuwa langu. "Na mimi nilikuwa pale. Kila moja ya hizo, mimi ndiye niliyeitikia."

Akanigeukia. Ndipo nilipoona kwamba hilo hakuwa amelifikiria, kwamba katika hasira yake yote ya zamani kiti changu kilikuwa kitupu. Nilingoja atoke. Badala yake alivuta kigoda akakiweka upande wangu wa kulia, akachukua kalamu ya wino niliyokuwa natumia kuandikia vipimo vya wateja, akaiweka karatasi ya mechi ya kwanza katikati yetu. Kidole kwenye nukta ya kwanza. Kalamu hewani.

"Kumi na mbili," akasema, kwa sauti ya chini. "Ribaundi."

Akasubiri. Hakuniangalia, alitazama karatasi tu, kama baba yake.

"Nimeona," nikasema.

Akaikaza nukta kwa wino. Akasogeza kidole.

"Kumi na mbili. Ribaundi."

"Nimeona."

Tulikwenda hivyo karatasi baada ya karatasi. Mteja mmoja alikuja kuchukua kaptula za mtoto, akatuona, akarudi alikotoka. Kufika ya ishirini sauti yangu ilikuwa imekauka, lakini kila nilipochelewa kalamu yake ilibaki hewani, haishuki, na nikajua haitashuka mpaka niseme. Kwenye ile ya thelathini na moja alishindwa yeye. Alitaja namba, neno la pili likamkwama, akaufunika uso wake kwa mkono wenye chaki.

"Ribaundi," nikamsaidia. Kisha nikasema lile nililopaswa kuunyima mdomo wangu siku ile, safari hii likiwa la kweli. "Nimeona, mwanangu. Ulikuwa wako."

Akaandika.